Bibi Yangu Amegeuka Mzaramo

Jumamosi, Desemba. Joto la mvuke. Mawingu yamejaa upande wa Pugu tangu asubuhi na mvua haitaki kushuka.

Leo nimesema uongo mbele ya watu wazima, kwa sauti, bila kutetemeka. Mie ambaye shuleni nilikuwaga namtuma rafiki yangu aniombee ruhusa ya kwenda chooni.

Nianzie mwanzo, maana nisipoandika kwa mpangilio nitaanza kujitetea.

Bibi ni mama yake Baba. Ni Mmwera wa Nachingwea. Aliletwa Dar akiwa bibi harusi, kwa sababu Babu alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda kule Chang'ombe, wakaishi Temeke mpaka Babu alipofariki. Ndipo akaja kukaa na sisi hapa Segerea. Mwaka huu aliteleza bafuni na nyonga haijakaa sawa tangu siku hiyo. Baba ni dereva wa lori la Tunduma, Mama anatoka alfajiri kwenda kuuza vitenge, na mie nilikuwa bwenini namalizia kidato cha nne. Bibi alikuwa anashinda peke yake na geti limefungwa. Baba akatafuta nyumba ya kulelea wazee huko Kinyerezi, ya watu binafsi. Jina lake sitalitaja hapa.

Mtaani walituchamba. Jirani mmoja alisema Baba kamtoa mama yake Segerea kwenda kumfunga Kinyerezi, watu wakacheka, kwa sababu kila mtu anajua Segerea inasifika kwa gereza lake. Baba alijifanya hakusikia. Mie moyoni nilikuwa upande wa yule jirani.

Kwa hiyo nilipomaliza mitihani nikaanza kwenda kumwona kila wanaporuhusu wageni, na nilikwenda kama mpelelezi. Nilishuku kila kitu. Kwa nini wanasalimia kwa uchangamfu hivyo? Kwa nini nyumba yenye wazee wengi hivi hainuki chochote isipokuwa sabuni? Chumbani kwa Bibi kuna kitanda cha pili kitupu, nikaambiwa mwenyewe amehamia kwa binti yake. Nikajiuliza, binti gani, na mbona ameacha kandambili? Nilipokuwa namwamkia Bibi nilikuwa navuta mkono wa gauni lake juu kidogo, natafuta alama.

Akaniambia, "Unanikagua kama papai la sokoni. Nimeiva?"

Sikujibu. Sinaga majibu.

Wiki za mwanzo alikaa ukingoni mwa kitanda na begi lake mapajani, kama mtu aliye stendi. Hakulifungua lote. Nguo alikuwa anachomoa moja moja na kulifunga tena zipu. Chakula alikigusa tu. Wahudumu wakipita wanamwambia pole bibi, kula bibi, kaa hapa bibi pana upepo. Yeye anaitikia asante, na anaendelea kutazama mlango.

Halafu akabadilika ghafla.

Siku moja nimefika nikakuta begi liko uvunguni na Bibi kapaka wanja. Wanja! Anauliza chakula cha mchana ni nini. Wengine wangeshukuru Mungu. Mie nikapata wasiwasi zaidi, nikawaza ni dawa. Nilisikia mahali kwamba kuna sehemu wazee wanapewa vidonge ili wasisumbue. Nikaanza kumtazama macho kama yana usingizi, nikamwuliza leo siku gani, Rais ni nani. Akanijibu yote, kisha akaniuliza kama mtihani umeisha au bado kuna sehemu B.

Wiki iliyopita ndipo nilipoona kwa macho yangu.

Walikuwa wanakula barazani. Mbele ya Bibi anakaa mzee mmoja mrefu, mkavu, anaitwa Mzee Maganga. Mie nilikuwa nimesimama kwenye kona, karibu na ndoo za maji, hawajaniona. Mzee akanyoosha mkono, akachukua kipande cha nyama kutoka kwenye sahani ya Bibi, akakiweka mdomoni. Taratibu, wala si kwa kuiba. Kisha akasema:

"Nyama hii hukuifanyia kazi. Wewe kazi yako kulala na kucheza ngoma. Utakufa lini tupate kitanda?"

Bibi akavuta mtandio mpaka mdomoni, akainama. Shingoni mwa mzee ilikuwapo kanga ya kijani ambayo Mama alimnunulia Bibi, amejizungushia kama skafu. Na Dada Rehema, mhudumu, akapita na beseni la vyombo, akaona, akacheka, akaenda zake.

Nilitakiwa niende pale mezani niseme neno. Nilikwenda chooni.

Nilipotoka nikamfuata Dada Rehema jikoni, nikamwuliza kwa sauti ndogo mno mpaka ikabidi nirudie, yule mzee ana nini na bibi yangu. Akajifuta mikono, akanitazama kama mtoto.

"Mdogo wangu, wale si watani? Bibi yako Mzaramo, mzee Mnyamwezi. Kwani shule mlisoma nini?"

Tulisoma. Najua kwamba Wanyamwezi walikuwa wanashuka pwani na misafara, wamebeba pembe, na kwamba wao na Wazaramo wametaniana tangu enzi hizo. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya chakula na kuchukua nguo yako, na hukasiriki. Nilijibu swali la namna hiyo na nikapata alama zote.

Lakini bibi yangu si Mzaramo.

Hilo nilisema moyoni. Mdomoni nilisema, "Aa, sawa dada."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa napiga hesabu. Wamwera na Wanyamwezi, utani umetoka wapi? Niliwahi kumsikia Baba akisema watani wetu wako hukohuko kusini. Kwa hiyo ama Dada Rehema ananidanganya ili kuficha uonevu, ama pale ndani hawamjui bibi yangu ni nani, wamemchanganya na bibi mwingine. Na kama wamemchanganya, vidonge anavyomeza kila jioni ni vya nani?

Nikampigia Baba. Alikuwa Makambako. Kwa kawaida mie na Baba tunaongea salamu na hela ya matumizi, basi. Safari hii niliongea mpaka nikaishiwa pumzi. Akaniuliza kama nimeona kwa macho yangu au nimehadithiwa. Nikasema nimeona. Akampigia matroni, msimamizi wa ile nyumba, pale pale, kisha akanirudia: Jumapili ijayo anapitia Kinyerezi kumchukua mama yake, liwalo na liwe. Mama akaanza kufua mashuka ya Bibi siku hiyohiyo.

Nilifurahi. Niandike ukweli, nilifurahi kuliko nilivyohuzunika. Nilikuwa nimelitafuta kosa tangu siku ya kwanza ili Bibi arudi nyumbani, na sasa nimelipata. Nani angenilaumu?

Alhamisi nilikwenda. Matroni ameagiza Mzee Maganga ale peke yake chumbani kwake mpaka jambo liangaliwe. Barazani kimya. Kila mzee na sahani yake, na Dada Rehema hakunitazama. Bibi nilimkuta kitandani, ukingoni, begi mapajani. Wanja hakuna.

Nikajiambia ni kwa sababu anajiandaa kurudi.

Leo matroni ametuita ofisini kwake, mie, Bibi na Mzee Maganga. Matroni ni mama mnene, mpole, wa kuongea kidogo, na hilo pia nilikuwa nalishuku. Mzee alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, amekaa na kofia magotini, vidole vinazungusha ukingo wa kofia. Kwa karibu hakuwa mrefu sana. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu hata mshukiwa ni mkubwa. Akaitikia marahaba mjukuu, bila kuinua macho.

Matroni akaeleza. Kama ni utani, alisema, yeye hana neno. Ni mila za watu, na wazee hawakuacha mila zao getini. Kama si utani, basi ni uonevu, na mzee anayemnyang'anya mwanamke chakula na kumwombea kifo hawezi kubaki. Atamwita mpwa wake aje amchukue. Huyo mpwa ni fundi wa kuchomelea Chang'ombe, analala humohumo kwenye karakana, na ndiye ndugu pekee aliyebaki. Matroni hakusema mzee atalala wapi huko. Hakuna aliyeuliza. Feni ilikuwa inalia juu yetu, halafu umeme ukakatika ikasimama, na Mzee Maganga akasema polepole kwamba mitambo ya umeme iko hapo nyuma ya ukuta na bado tunakosa. Hakuna aliyecheka. Nadhani alizoea kuwa kuna mtu atamjibu.

"Mwanangu," matroni akanigeukia, "baba yako kaniambia kwenye simu kwamba nyie ni Wamwera. Bibi anasema yeye Mzaramo. Aliyelalamika ni wewe. Bibi yako ni kabila gani?"

Kabla sijafungua mdomo Bibi akasema, "Mie Mzaramo wa Kisarawe. Mwulizeni mjukuu wangu huyo."

Ndipo nikamtazama. Nilitegemea kuona mzee aliyechanganyikiwa, au mtu aliyetishwa akatishika. Nilikuwa nimeyaandaa yote mawili kichwani. Bibi alikuwa na akili timamu kuliko sisi wote mle ndani. Alikuwa ananiomba. Bibi huyu ambaye hata maji hajawahi kuniomba, anajikokota kwenda kuyachota mwenyewe, alikuwa ananiomba kwa macho mbele ya watu, na mikono yake miwili imeshika begi.

Hakuna aliyemchanganya na mtu. Amejichanganya mwenyewe, kwa makusudi.

Nikasema, "Baba ni Mmwera kwa upande wa babu. Bibi ni Mzaramo."

"Wa wapi?"

"Wa Kisarawe."

Sauti ilitoka safi. Sijui ilikuwa wapi miaka yote hii.

Matroni alinitazama muda mrefu. Sidhani kama aliniamini. Nadhani alikuwa anautafuta uongo huo yeye mwenyewe ila hakuweza kuusema, na sasa mtu kamletea. Akasema haya, basi, leo mzee atakula barazani na wenzake.

Mzee Maganga akavaa kofia. Akamgeukia Bibi.

"Umeona aibu hiyo, Mzaramo? Kesi yako imetetewa na mtoto. Watu wazima wa kwenu wako wapi, wamelala?"

Na Bibi yangu, mwanamke wa swala tano, ambaye nyumbani akisikia mtu anatukana anasema astaghafirullahi, akamjibu:

"Nyamaza, mpagazi. Beba kiti hicho nifuate."

Akakibeba. Kiti cha Bibi chenye mto, kwa sababu ya nyonga. Akakibeba kichwani kabisa, mpaka barazani, huku anakohoa, na wazee wengine wakaanza kumpigia makofi ya msafara.

Baada ya chakula nikamfuata Bibi chumbani. Nikafunga mlango. Nikauliza kwa nini. Alikuwa anatoa nguo kwenye begi na kuzipanga kwenye rafu, zote, kwa mara ya kwanza tangu aletwe.

Akasema alipofika hapa kila aliyepita alimwambia pole. "Ukiambiwa pole asubuhi mpaka usiku, mwanangu, unaanza kunuka sanda. Yule ndiye wa kwanza kunitukana. Akaniuliza kabila langu. Nikajua nikisema Mmwera atasema samahani mama, atakaa kimya, na mie nitarudi kwenye pole zangu. Nikasema Mzaramo."

Miaka yake yote Temeke, alisema, majirani zake walikuwa Wazaramo, na kulikuwa na Mnyamwezi mmoja muuza asali, akipita mtaa mzima unachangamka isipokuwa mlango wake yeye. Alikuwa anasikiliza nyuma ya pazia. Matusi yote anayajua.

Nikamwuliza kuhusu kanga. Akainua mto. Chini yake kulikuwa na redio ndogo ya Mzee Maganga, wiki ya pili sasa. Bibi akasema akitaka redio arudishe kanga, na yeye hana haraka.

Kisha akasema jambo jingine huku ananipa mgongo. Siku yake ikifika, yule mzee ana kazi. Amekwisha kumwahidi kwamba ataingia chumbani, atalala kwenye kitanda chake, na atagoma kuinuka mpaka Baba amlipe, ili watu waliokuja kulia wacheke. Alisema kwa furaha, kama mtu anayeeleza mipango ya harusi.

"Hutaki kurudi nyumbani, Bibi?"

"Nyumbani mchana nitaongea na nani?"

"Mimi nimemaliza shule. Nipo."

Akageuka. Akacheka kidogo.

"Wewe? Nimekuita mke mwenzangu tangu unanyonya. Nimekuambia mume wetu alinipenda mimi zaidi, nimekuambia umerithi miguu ya kunguru. Nilikuwa nakuchokoza ili unijibu. Hujawahi kunijibu hata siku moja. Unaangalia sakafu, unaenda kuosha vyombo."

Nilitaka kumjibu hapohapo, niseme miguu hii ya kunguru nimeitoa kwake. Neno lilifika kwenye meno likasimama.

Niliangalia sakafu.

Vidonge nimevikagua kabla ya kuondoka. Dada Rehema alinionyesha bila kununa, ni vilevile alivyoandikiwa hospitali, vya presha na vya maumivu. Bado nikavipiga picha. Sijapona kabisa ugonjwa huu wa kushuku.

Na haukupona hata pale getini, maana Mzee Maganga alikuwa amekaa karibu na mlinzi, na nilipompita akasema taratibu, akiwa anatazama nyaya za umeme:

"Wasalimie Wazaramo wa Nachingwea."

Nikasimama. Yeye akaendelea kutazama nyaya. Nikasema haya babu, zimefika, nikatoka karibu nikimbie.

Amejua tangu lini? Labda Bibi anaota kwa Kimwera. Labda aliwahi kuishi kusini akaitambua lafudhi siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajamwuliza kabila. Na kama alijua akanyamaza, basi naye nimwamini kwa lipi? Nani amethibitisha kwamba ni Mnyamwezi? Jina tu? Nimetembea mpaka nyumbani nikiwaza kwamba pengine mle ndani kila mtu ana kabila alilokuja nalo na jingine alilojichagulia alipofika, na hakuna anayeuliza sana kwa sababu anayeuliza sana hubaki bila mtu wa kula naye.

Sasa Baba. Ametuma ujumbe kutoka Morogoro: mwambie bibi afungashe, kesho asubuhi nipo hapo. Sijamwambia Bibi. Sijamjibu Baba. Mashuka yake yametandikwa, Mama ameweka na chandarua kipya, na kila nikipita mlangoni pale naona aibu kama vile ni mimi ninayemfungia mtu nje.

Nikimwambia Baba kwamba mama yake ameukana Umwera ili apate mtu wa kumtukana, hataelewa. Ataona aibu, atamtoa kwa nguvu ili tu jirani anyamaze. Nikimwambia nilikosea kuona, haitakuwa kweli, maana niliona sawasawa. Kilichobaki ni kumwambia lile moja ambalo mie mwenyewe silitaki: Bibi hataki kuondoka, na sababu si kwamba hatupendi.

Nitalisemaje hilo kwa mtu ninayeongea naye salamu na hela ya matumizi?

Kesho nitawahi Kinyerezi kabla yake, na akipiga honi getini, nitatoka mimi kwanza.